Mzigo wa Kupeleka Nyumbani

Assalaam alaykum kina mama. Mwenyekiti wetu ameniambia niseme kidogo tu, naye ananijua, mimi nikishika kipaza sauti chai inapoa. Basi mimineni sasa hivi, msinisubiri mie.

Nimeombwa nizungumze juu ya kusafisha nyumba na kupunguza vitu, maana machipuko yameingia, baridi imekwisha, na kila mmoja anaanza kutazama kabati lake kwa jicho baya. Wengine mlidhani nakuja kukufundisheni kupanga. Jamani, mimi shuka lile lenye mpira pembeni mpaka leo sijui kulikunja, nalibumba tu nikalisukumia ndani. Nitakuelezeni yaliyonifika mwenyewe, na sitamtaja mtu jina.

Nilifika nchi hii ya Uingereza miaka ya tisini nikitokea Pemba, nimeshaachika, na binti yangu nimembeba mgongoni. Mnaoijua hali ya siasa ya kwetu wakati ule hamhitaji maelezo. Msioijua, nitasema tu kwamba tuliondoka bila ya kuaga. Baba yangu alikuwa shambani. Aliporudi alikuta mlango umerudishwa na sisi hatupo. Hilo liliniingia moyoni likakaa. Nikajiambia, siku nitakayorudi nitarudi mikono imejaa, nimpe kila mtu chake kwa mkono wangu, na baba awe wa kwanza.

Tulikaa hosteli, halafu kaunsili, serikali ya mtaa, ikatupa flati Woolwich, hapa hapa London, ghorofa ya tatu. Vyumba viwili, sebule na jiko. Siku ya kwanza sauti zetu zilikuwa zinagonga ukutani, maana hatukuwa na hata mkeka. Nikapata kazi ya kutunza wazee majumbani kwao, ninayofanya mpaka leo. Halafu yakaja machipuko.

Ndugu zangu, nyinyi mmeshazoea, lakini kumbukeni mara ya kwanza mlivyoona. Jua linatoka siku mbili, Mwingereza anafungua madirisha, anaanza kutoa vitu. Viti vizima. Mapazia. Masufuria yenye vifuniko vyake. Baiskeli ya mtoto ina kengele, na nikaijaribu, inalia. Vyote viko kwenye ukuta wa nje, anayetaka achukue. Nilisimama nikitazama huku na huku namtafuta mwenye vitu. Si kwamba kwetu hatufanyi usafi. Marehemu mama yangu Ramadhani ikikaribia alikuwa akitoa vitanda vya kamba uani, akavimiminia maji ya moto kunguni wakome. Lakini jioni kila kitanda kinarudi ndani. Sijawahi kumwona mama akitupa kitu ambacho bado kinafanya kazi.

Basi nikaanza kuokota. Mwanzo vya kutumia wenyewe, na hakuna ubaya hapo, kitanda alicholalia binti yangu kilitoka njiani. Na wazee niliokuwa nikiwatunza, watoto wao walipokuja kusafisha, wakaniuliza kama nataka hiki na kile. Sikuwahi kusema sitaki. Nyumba ilipokuwa na vya kutosha, nikaanza kuweka vya kupeleka kwetu Pemba. Nikanunua pale sokoni yale mabegi ya mistari tunayoyaita shangazi kaja, nikaanza kuyajaza. Hili la dada yangu na wanawe. Hili la majirani. Hili la baba: sweta nzito, viatu laini vya mtu mwenye miguu ya kuvimba, redio ndogo ya kusikilizia taarifa ya habari, maana mzee wangu alipenda habari kuliko chakula.

Sasa hapa sikilizeni. Mnajua wote kwamba wapo wanaokusanya mizigo ya watu na kuipeleka kwa kontena. Bwana mmoja wao alikuwa akipita kwetu, ananipigia, "Mama, kontena linafungwa, una kitu?" Namwambia linalofuata. La pili namwambia linalofuata. Nilikuwa naona nikimpa yeye, ni yeye atakayegonga mlango wa baba, na mimi nitakuwa nimeondoka bila ya kuaga na nimerudi bila ya kuonekana. Hapana. Mzigo nitaupeleka mwenyewe.

Mabegi yakajaa chumba kimoja. Binti yangu akahamia kwangu. Yakaja sebuleni mpaka dirishani. Koridoni tukawa tunapita ubavu. Mtoto anafanya kazi zake za shule kitandani, kitabu kimeegemea mto. Na watu nikaanza kuwakwepa. Mkisema Idi hii tuje kwako, nasema niko kazini. Wengine hapa mlidhani nina majivuno. Mwenzetu mmoja, namwona anacheka pale nyuma, aliwahi kuniambia usoni kuwa nimekuwa Mzungu. Mzungu gani, dada yangu? Mzungu anatoa, mimi naingiza!

Halafu karatasi zangu za ukaazi zikatoka, naweza kusafiri na kurudi. Baba alikuwa hai. Ningeweza kukata tiketi mwezi ule ule. Lakini nikatazama mabegi, nikaona mama mdogo sijamwekea kitu, na mapacha wa jirani nimewawekea viatu jozi moja. Nitaendaje? Nikasema machipuko haya nikamilishe mzigo, kiangazi niende.

Baba akafa kabla ya kiangazi.

Nilipokea simu nimesimama koridoni katikati ya mabegi, na hapakuwa na pa kukaa. Na sikumwambia mtu. Kina mama, hili ndilo zito kuliko yote niliyokuja kusema. Sikukwambieni, kwa sababu ningekwambieni mngekuja. Mngekuja na mikeka na misahafu na masufuria ya wali, kama mnavyokwenda kwa kila mtu, na mngeona. Nikavaa nguo za kazi nikaenda kumwogesha mzee wa watu. Binti yangu nilimwambia asiseme shuleni wala chuoni kwenye Kurani. Nililia kwa zamu, nikiwa njiani, ndani ya basi, nikishuka najifuta. Na machipuko yaliyofuata nikaokota tena.

Binti akakua. Akapata kazi, na akapata mtu, kijana mwema wa familia ya Mombasa wanaokaa Barking. Wakataka kuleta posa. Nyinyi mnajua posa inavyoletwa: wazee wa mwanamme wanakuja kwa mwanamke, wanakaribishwa, wanakaa, wanasema neno lao. Nikaleta maneno. Mara nina safari, mara naumwa. Mwisho nikasema tukodi ukumbi. Shangazi yake yule kijana akapiga simu mwenyewe, kwa adabu kabisa, akasema, "Dada, sisi hatujawahi kupeleka posa ukumbini. Kama kuna jambo tuambie, tusikuchosheni." Nilijua maana yake. Wakirudi nyuma mara hii hawaji tena.

Jioni ile binti yangu akasimama mlangoni mwa chumba. Yeye huwa ninamsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, ndivyo walivyo watoto wetu. Siku ile alisema Kiswahili, polepole, neno moja moja.

"Mama, humtaki?"

Nikamwambia namtaka, naapa.

"Basi ni vitu."

Nikaanza kusukuma begi lililokuwa limeteleza.

Akasema, "Nilipokuwa mdogo wenzangu walitaka kuja kucheza kwetu. Niliwaambia hatuna nyumba. Ilikuwa rahisi zaidi kusema hatuna."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemjibu. Mimi ninayelaza wazee wa watu wasio na wao, nilimlea mwanangu miaka yote ile ndani ya flati yenye funguo, na yeye akawa anasema hana kwao. Niliona aibu ambayo hata nikisimama hapa naisikia kwenye mashavu.

Asubuhi nikampigia mwenzetu mmoja. Yuko humu ndani, na ameniapisha nisimwoneshe kwa kidole. Nilimwambia njoo, na usilete mtu. Alipofika akapita ubavu koridoni bila ya neno. Sikuona hata nyusi kupanda. Akavua baibui, akajifunga khanga kiunoni, akauliza tuanzie wapi. Mungu amlipe kwa kutoshangaa kwake.

Akavuta begi la kwanza. Akawa na utaratibu wake, kila kitu anachokitoa anauliza, "Hiki cha nani?" Namwambia. Halafu anauliza, "Na yeye yuko wapi sasa?" Basi. Hanisemi, haniambii tupa.

Gauni la nailoni lenye maua, la mtoto wa dada yangu. Yuko wapi sasa? Ameolewa, ana watoto. Viatu vya shule vya mapacha wa jirani. Wako wapi? Mmoja Dar, mmoja Oman, wote wana ndevu. Chupa za maziwa. Mapazia niliyoyakunja vizuri, nikayafungua, nondo wamekula yamebaki nyavu. Tulicheka, kina mama. Tulicheka mpaka tukakaa juu ya mabegi. Nikampigia dada yangu Pemba kumuuliza yapi bado wanayataka, na yeye akasema, "Masufuria yamejaa madukani huku siku hizi, kuliko hata wanunuzi. Sisi hatukuwahi kutaka sufuria. Baba alikuwa akiuliza, mwanangu anakuja lini? Hakuuliza analeta nini." Nikasema mtandao mbaya, nikakata simu.

Halafu mwenzangu akafungua begi lililokuwa chini ya yote. Akatoa sweta.

"Hii ya nani?"

"Ya baba."

"Na yeye yuko wapi sasa?"

Nikamwambia hiyo iweke pembeni. Akaniuliza tena, kwa sauti ya chini, kama anayejua tayari. Nikasema, "Baba amefariki." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno lile mbele ya mtu asiyekuwa mwanangu. Akauliza lini. Nikamwambia miaka ilikuwa imeshapita. Akaitia ile sweta mapajani mwake akasema, "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Na ulikaa naye peke yako muda wote huu?" Akanivuta. Nililia kama niliyepata simu asubuhi ile, na yeye akalia na mimi kwa mtu ambaye hakupata kumjua.

Hatukufanya kazi tena siku ile.

Msidhani baada ya hapo ilikuwa mteremko. Yule bwana wa kontena alikuja, nikampa vilivyo vizima, havikuwa vingi. Vingine vikaenda charity, yale maduka ya sadaka, vilivyooza vikaenda jalalani. Na niseme ukweli, kuna siku nilishuka chini kwenye mapipa nikapandisha birika. Nimelificha chini ya mtandio. Binti yangu akanifuma kwenye lifti. Akaniangalia, nikamwangalia, akabonyeza kitufe tukashuka tena wote wawili. Hata sasa nikipita njiani machipuko nikaona kiti kizima, mkono unaniwasha. Naukunja nyuma, naendelea na safari yangu.

Sebule ilipokuwa tupu, kabla hata hatujatia kochi, mwenzetu yule aliwaita baadhi yenu. Mnakumbuka. Mlikuja na mikeka na misahafu na masufuria yenu, mkamsomea baba yangu hitima, miaka imepita, kama aliyekufa jana. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini sikusema. Mlijaza chumba kile watu, na mimi nikakaa ukutani nikawa mfiwa, kama nilivyotakiwa kuwa tangu siku ile. Hamkujua mlichonifanyia, ndiyo maana nakwambieni leo.

Wiki iliyofuata wakaja wazee wa Barking. Wakakaa chini, maana viti havikutosha, wakala, wakasema neno lao. Binti yangu alikuwa jikoni na shoga zake, na nikamsikia anasema kwa Kiingereza chake, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesema habari ya hali ya hewa: "My mum's place. Yeah, come anytime." Kwa mama yangu, njooni wakati wowote.

Nakushukuruni. Namshukuru yule aliyeniapisha. Namshukuru mwanangu, ambaye leo ana nyumba yake Barking, na nikienda hunikagua mkoba mlangoni, mzaha wake huo. Pemba nimekwenda. Nilikwenda na begi moja, kaburini kwa baba nikafika mikono mitupu, na dada yangu alinishika hiyo mikono hakuiachia mpaka jioni.

Somo langu si la kutupa vitu. Wengine vitu vyenu ni halali yenu na vina kazi, kaeni navyo. Mimi nasema tazama lile unalomwekea mtu. Kama yuko hai, mpelekee sasa, au nenda mwenyewe mikono mitupu, utapokewa. Na kama hayupo, tuambie tuje tukae nawe.

Na la mwisho, halafu nakaa. Humu ndani yupo mwenzetu ambaye hajawahi kutukaribisha kwake. Simtaji, na nyinyi msigeuke kutazamana. Dada yangu, Jumamosi sina zamu. Unipigie, nitakuja peke yangu na khanga yangu ya kujifunga. Sitashangaa kitu. Hata koridoni kama tutapita ubavu, mimi ubavu nimeshazoea.