Norbert Hatungimana, Panya Wake na Mlango wa Achille

Ndugu mliokuja kutufariji, kuna swali ambalo familia ilimuuliza marehemu hadi ikachoka, naye akachoka kuulizwa, na leo tunamzika bila kupata jibu: ilikuwaje mtu aliyeona kwa macho yake, mwaka hadi mwaka, kwamba kiumbe akifungiwa peke yake hunywa zaidi, akamfungia mwanawe wa pekee wa kiume kwa sababu ya pombe?

Norbert Hatungimana alizaliwa Lubarika tarehe 4 Machi 1961, kifungua mimba wa wakulima wa mihogo, akasoma shule ya msingi hukohuko, sekondari hapa Uvira, kisha akapata lisansi, yaani shahada, ya biolojia Kisangani mwaka 1987. Mwaka 1989 aliajiriwa katika maabara ndogo ya utafiti hapa mjini, na tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa na Anne-Marie, wakajaliwa Noella, Laurette na Achille.

Kazini aliwawekea panya chupa mbili, moja ya maji matupu, nyingine ya maji yenye kanyanga na sukari, akaona kwamba panya wa kizimba cha peke yake aliing'ang'ania ile ya pombe, lakini waliokaa pamoja katika sanduku kubwa, wenye nyasi, mashimo ya kujificha na wenzao wa kucheza nao, waliionja wakaiacha, wengi wao, si wote, kama alivyopenda kusahihisha. Wenzake walimtania, "Chef, panya bako banakunywa kuliko bamotari ba Kalundu!", yaani waendesha pikipiki wa kule bandarini, naye hakucheka, maana kila alipoomba mbao za sanduku kubwa jingine aliletewa vizimba vya panya mmoja mmoja.

Achille alianza kunywa mwaka 2021, alipokosa kazi na marafiki zake wote wakavuka kwenda Bujumbura, na Januari 2024 aliuza mabati ya jiko la mama yake, ndipo Norbert akamfungia kwa kufuli katika chumba cha uani.

"Panya umebafungulia, mutoto umemufungia?" Anne-Marie alimuuliza mbele yetu.

"Panya haiuzishake mabati ya watu," alijibu, na sisi ndugu tukapita dirishani kwa zamu, tukamwaga mawaidha, tukaenda kula. Kila Jumapili Achille alipotolewa alirudi amelewa, ikanunuliwa kufuli kubwa zaidi. Hatumhukumu Norbert, kwani hofu ya mzazi haisomi vitabu.

Tarehe 11 Septemba 2024 alilazwa kwa shinikizo la damu, akaomba kumwona Achille, familia ikabishana nani amlete na nani amlinde njiani, na ubishi ulipokwisha, tarehe 14, baba alikuwa amefariki, akiwa na umri wa miaka 63.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mulongwe walioleta viti na bugali, na wenzake wa maabara, wanaoendelea kuwatunza panya wake.

Jana kikao cha familia kiliamua kwamba Achille asifungiwe tena, akaishi Luberizi kwa baba yake mdogo Gédéon, penye mashamba ya mpunga na nyumba iliyojaa watu, na wazee tulipokuwa tungali tunajadili nani azungumze naye kwanza, Noella alichukua shoka, akavunja kufuli, akamshika nduguye mkono.

Achille yupo hapa, naye atabeba jeneza upande wa mbele. Norbert, lala salama.