Chai Iliyonuka Sabuni

Bismillahi. Samah, funga dirisha la barabarani, spika ya yule muuza viatu inanizidi sauti, na leo sitaki kuzidiwa na mtu. Hamood, weka simu chini. Sogeeni hapa kitandani, msiogope harufu, ni dawa ya kusukutua. Nisikilizeni wadogo zangu, maana kesho saa mbili asubuhi madaktari wanaukata ulimi huu, na hata nikiamka salama, huyo Muaz mtakayemrudisha Kariakoo atakuwa anaongea kwa kalamu, na mwandiko wangu mnaujua, niliuachia kidato cha pili.

Msilie. Nikitaka kuliliwa nitawaambia. Najua wosia ni kazi ya watu wenye mvi, na mimi nina thelathini na mmoja na nywele nzuri kuliko za Hamood, lakini tangu wazazi wetu waondoke mzee wa nyumba hii ni mimi.

Duka la chai ni lenu. Hamood, chukua funguo, mizani na kubishana na makuli, maana kwa ubishi hakuna wa kukufikia. Kuchanganya majani achiwe Samah. Usinune, wewe chai na maji ya kuoshea kunde huvitofautishi.

Samah, shika haya, sitarudia. Ya Mufindi ina rangi inayowaka, ukiishika juani glasi inakuwa kama taa, inakubana pembeni ya ulimi halafu inaachia upesi. Ya Rungwe ni nzito, ndiyo inayobeba maziwa bila kupauka, na mafundi wa gereji kule Gerezani wanaokunywa kwa Mama Candida hawataki nyingine. Ya Njombe ni safi na kali, lakini ukiiacha motoni inakuwa chungu, kwa hiyo itie mwisho, funika, ipua. Ya Lushoto ni pole, rangi ya asali, inanukia kama majani yaliyonyeshewa sasa hivi, ila ni mmbea: ukiiweka karibu na kitu chochote, inakwenda kukitangaza kwenye kikombe cha mteja.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Jumamosi zetu mnazijua. Saa nne benchi linatoka nje, glasi nne za mkandaa, chai kavu bila maziwa wala sukari, mimi nafumba macho, naonja, nataja mkoa, mtaa mzima unapiga kelele. Miaka kumi sikukosea hata moja, nikajiita Mashine, na nyinyi mkaniita hivyo. Sasa sikieni: tangu Ramadhani ya mwaka jana Mashine haionji kitu. Kidonda kilianza, nikasema kitapona, ladha ikaondoka, nikaona aibu. Nikazikwaruza glasi kitako kwa msumari, mkwaruzo mmoja Mufindi, miwili Rungwe, hivyo hivyo hadi minne ya Lushoto, nikawa nazipanga mwenyewe kabla ya chai kumiminwa, na nikipokea napapasa kwa kidole. Mlikuwa mnashangilia kidole, wadogo zangu.

Desemba Isidori, mwenzetu wa dukani mwenye fungu lake, akaenda kwao Rombo kula Krismasi, kama Wachaga wote wanavyotuachia mji. Stoo ikabaki kwangu. Nikavipanga viroba vya Lushoto vikiegemea makatoni ya sabuni, wiki mbili nzima, kosa ambalo hata mtoto wa muuza chai halifanyi, na pua nayo ilikuwa imekwenda na ulimi. Isidori aliporudi akafungua kiroba kimoja tu. Akaniambia taratibu, "Muaz, hii inanuka sabuni. Tusiiuze." Nami nikamjibu mbele ya wateja, "Mtu wa pombe ya mbege na ndizi utanifundisha mimi chai?" Nikaichanganya. Nikaiuza.

Jumamosi iliyofuata Mama Candida akaja na birika lake, akalimwaga lote pale chini ya benchi, harufu ya sabuni mkaisikia, akauliza ni nani anayetaka kumfukuzia wateja. Watu wote wakanitazama. Nikanyoosha kidole kwa Isidori. Nikasema ndiye aliyepanga stoo. Na nani angebishana na Mashine?

Mtu aliyelala stoo ya baba, aliyefuturu na sisi bila kufunga, ndiye niliyemtaja. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya mizani. Leo anauza ndoo za plastiki Magomeni, na katika biashara ya chai hakuna anayempa hata kiroba kimoja.

Lau ningekubali siku ile kwamba sionji, daktari angekikuta kidonda bado kidogo. Hilo... nipe maji, Samah. Hilo nimejitakia mwenyewe.

Nisiporudi, Jumamosi toeni benchi saa ile ile, muiteni Mama Candida, semeni yote, na fungu la Isidori la duka mrudishieni. Glasi zile zivunjeni. Lakini mimi nilimchafua kwa ulimi huu, nilitaka nimsafishe kwa ulimi huu huu. Nimemtumia ujumbe tangu asubuhi. Ameusoma, hajajibu. Hamood, chungulia ngazi... Nani anabisha hodi?

Mfungulie.

Karibu, Isidori. Usikae kwanza, nikikutazama sana nitaanza utani. Sabuni niliiweka mimi. Ulipokuwa kwenu. Nilijua ni mimi, nikakutaja wewe. Hawa wamesikia, na Jumamosi mtaa utasikia. Nisamehe.

Mbona unatikisa kichwa? Ulijua? Ulijua siku nyingi kwamba sionji? Ulijuaje? Ati Jumamosi moja ulizipanga glasi vingine, ukatia Njombe kwenye mkwaruzo mmoja, nami nikapaza sauti "Mufindi!" Nawe? Ukapiga makofi. Ewe Mchaga wewe. Ukapiga makofi ili watu wasinicheke.

Hamood, geukia huko, usinione.

Sauti inakwaruza sasa. Na hiyo chupa ya chai ya nini? Unamimina... Ati ya wapi? Unaniuliza mimi, leo? Lete. Ngoja. Sina kidole leo, glasi yako haina alama.

Sijui, ndugu yangu. Ni maji ya moto. Sijui.

Mmeniona? Neno lenyewe si refu. Samah, Hamood, msione haya kulitamka kama mimi. Mwenyezi Mungu awape afya ya vinywa, awape mtu wa kuwapigia makofi na wa kuwaambia ukweli, na awe mtu mmoja. Hamood, mpe kiti kaka yako.

Samah, pokea glasi. Vuta harufu kwanza. Onja. Sema kwa sauti, na mimi nisikie, kinywa changu kimechoka.

Ya wapi?