Tulivyomwitikia Shangazi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli yetu; Ndugu Bawabu, mlinzi wa mlango wetu wa mtandaoni, ambaye leo tunakuaga; Shangazi, pamoja na binti yako uliyeketi naye hapo mstari wa mbele; ndugu wageni waalikwa, hasa ninyi wake, waume na watoto mliotuona miaka yote hii tukicheka peke yetu na simu, mkatuvumilia; nanyi wanajukwaa wenzangu, ambao wengi wenu sura zenu naziona leo kwa mara ya kwanza, ingawa mgongo wa kila mmoja najua unauma upande gani: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nimuage Bawabu, na nitamuaga. Lakini mniwie radhi nikianza na swali ambalo nimelala nalo na kuamka nalo kwa muda mrefu. Je, mtu anaweza kuzoewa mpaka asihitajike tena? Je, tunaweza kumjua mwenzetu vizuri kiasi kwamba kule kumjua kwetu kukakalia kiti chake, naye mwenyewe akabaki amesimama nje? Wanajukwaa hawatashangaa kuniona naanza hivi. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule, na kila mtu akiandika jambo, mimi huongeza chini yake "hata hivyo" au "lakini tusisahau". Ndiyo maana waliniita Tanbihi. Leo, kwa bahati mbaya, tanbihi ndiyo habari yenyewe.

Wageni wetu wengi wanajiuliza jukwaa hili lilikuwa la nini. Lilianzishwa na Bawabu ili watu waulizane mtandaoni namna ya kutunza mimea ya ndani ya nyumba. Mimea ile ilikufa. Wengine tuliiua kwa maji mengi, wengine kwa kuisahau, na mmoja wetu, fundi picha, aliumwagilia kwa uaminifu mkubwa mmea ambao baadaye aligundua ni wa plastiki. Mimea ikafa, watu tukabaki. Kila asubuhi tulifungua ukurasa uleule mmoja, tukajuliana hali, tukatawanyika kwenda kazini. Hakukuwa na jambo kubwa zaidi ya hilo, na kwa miaka mingi sikuona kama palihitajika kubwa zaidi.

Aliyefungua mazungumzo kila siku alikuwa Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote kati yetu. Ni fundi wa kufua na kupiga pasi katika duka la dobi, na jina hilo alilipata kwa namna alivyotuamuru. "Mmeamkaje, wavivu wangu?" alikuwa akiandika. Fundi picha akamjibu, "Tumeamka, Shangazi, ila mgongo umebaki kitandani." Naye: "Kaufuate huko huko. Kazini usiende nusu." Kisha alituambia alichokikuta mifukoni mwa nguo za wateja: jino la mtoto ndani ya koti la mwanasheria, kitunguu katika suti ya bwana harusi. Na yeyote aliyelalamika kuumwa, awe na mafua au moyo uliovunjika, alipewa dawa moja: "Kunywa maji, ulale. Ukiamka hujapona ndipo uniite."

Mnacheka. Nami nilicheka. Na katika kicheko hicho ndimo ilimozaliwa desturi ambayo sasa nalazimika kuieleza.

Bawabu, kama mnavyojua, ni fundi wa lifti. Siku moja alishinda ndani ya shimo la lifti pasipo na mtandao, na Shangazi alipouliza wavivu wake wako wapi, fundi picha akaandika kwa niaba yake: "Bawabu angesema: napanda, nashuka, mchana kutwa, na sijafika popote." Ilikuwa sauti yake hasa. Bawabu mwenyewe aliporudi akakiri kwamba yeye asingesema vizuri hivyo. Tangu siku hiyo tukawa tunaitikiana. Asiyeonekana, mwenzake anamwitikia, kama wanafunzi wanavyomwitikia rafiki mtoro wakati wa kuita majina. Tukaendelea mbele zaidi. Baadhi yetu tukasajili majina ya kubuni ili kunogesha utani. Kulikuwa na "Mgongo wa Fundi Picha", ambao uliandika malalamiko yake wenyewe. Kulikuwa na "Mume wa Tanbihi", bwana mpole mwenye busara, ambaye mpaka leo sijabahatika kukutana naye.

Tulijivunia desturi hiyo. Niliwahi kuandika, na bado naona niliandika kwa nia njema, kwamba huo ndio urafiki uliokomaa: kumbeba mwenzako kichwani hata asipokuwepo. Wakati huo sikuongeza "hata hivyo".

Kisha ikafika asubuhi ambayo Shangazi hakutuamsha. Je, tulishtuka? Hapana. Tulimwitikia. "Shangazi angesema: mmeamkaje, wavivu wangu?" Siku iliyofuata vilevile. Tulimbunia mifuko, tukambunia makoti na vitu vya kukuta ndani yake. Fundi picha alimwigiza vizuri mno, na nakumbuka nikisoma na kufarijika kabisa, nikafunga simu nikaenda kazini, sikupungukiwa na kitu. Hilo ndilo linaloniumiza. Lau tungemwigiza vibaya, pengo lingeonekana.

Baada ya wiki kadhaa, jina jipya likatokea jukwaani: "Binti wa Shangazi". Likaandika: "Shikamooni nyote. Mama hajisikii vizuri, hawezi kuandika kwa sasa. Ameniomba niwasalimie."

Ndugu wageni waalikwa, kwenu ninyi hiyo ni habari. Kwetu sisi, watu wa Mgongo wa Fundi Picha na Mume wa Tanbihi, ilikuwa zamu nyingine ya utani. Majibu yalimiminika. "Mwambie anywe maji, alale." "Akiamka hajapona ndipo atuite." Mgongo wa Fundi Picha ukampa pole na kumwomba nafasi kitandani. Jina lile halikuandika tena, na hakuna aliyejiuliza kwa nini, kwa sababu utani huwa unaisha hivyo.

Mama yake alikuwa amepata kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia na kikachukua maneno. Akili iko palepale, macho yapo, kusikia kupo. Binti yake, ambaye ni karani wa benki, alikuwa akimshikia simu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwa sababu mama alionyesha kwa jicho kwamba anataka kutusoma. Kwa hiyo Shangazi alikuwepo siku zote zile. Alikuwa anasoma. Alituona tukizungumza naye, tukijijibu kwa niaba yake, tukicheka majibu yake, tukiridhika.

Haya yote tuliyajua lini? Ni Bawabu alipotangaza kwamba macho yake yamechoka, kwamba wengi wameshahamia kwenye makundi ya simu, na kwamba mwisho wa mwezi huu atafunga jukwaa, ila kwanza tukutane ana kwa ana. Wakati sote tukiandika kwamba tutakuja, akaunti ya Shangazi yenyewe ikafunguka. Ikaandika: "Mama angependa kuja. Mtamtambua kwa kiti cha magurudumu. Mimi ni binti yake. Nipo kweli."

Nipo kweli. Nimehariri vitabu vingi, na sijawahi kukutana na sentensi fupi yenye uzito kama hiyo.

Mimi na Bawabu tulikwenda kumwona. Jengo lao lina ghorofa tano, na wao wanakaa ya nne. Pale chini Bawabu alisimama mbele ya mlango wa lifti, akabonyeza, akaweka sikio, akabonyeza tena. Bibi mmoja aliyekuwa akishuka na kapu akamwambia, "Baba, hiyo ukiisubiri utazeeka. Imekufa zamani." Bawabu akaniangalia. Mtu aliyetuambia habari za lifti za mji mzima alikuwa amezungumza kila asubuhi na mwanamke aliyepanda ngazi hizo kila jioni na miguu iliyosimama kutwa mbele ya pasi, naye hakujua. Shangazi hakusema, na sisi hatukuuliza. Alituuliza sisi migongo yetu. Na tangu atoke hospitali hakuwa ameshuka chini, kwa sababu hakuna wa kumbeba na kile kiti.

Binti alitufungulia. "Shikamooni. Karibuni, viatu msivue." Chumba kilikuwa safi, mapazia yamepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Shangazi alikuwa dirishani. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yaliyeyuka. Bawabu, ambaye huwa hana maneno, ndiye aliyeweza.

"Shangazi, mvivu wako nimefika."

Shangazi akacheka kwa upande mmoja wa uso. Akamshika Bawabu mkono kwa mkono wake wa kushoto. Kisha akakaza macho, shingo ikakaza, akaanza kutafuta neno. "K..." akasema. "K... k..."

"Kiti?" nikasema mimi. "Kikombe? Nikupe kikombe?"

"Kunywa maji!" Bawabu akasema, kwa furaha ya mtu aliyekumbuka. "Ndiyo, Shangazi! Kunywa maji, ulale!"

Shangazi akaupiga mkono wa kiti chake kwa kiganja. Meza ya pembeni ikatikisika, chai tuliyoandaliwa ikamwagika. Binti hakupaza sauti. Nadhani angepaza, isingetuuma kiasi kile. Alisema tu, "Jamani, muacheni amalize. Nawaomba. Kila mtu anammalizia."

Tukanyamaza. Tulisubiri muda mrefu. Hakumaliza. Lile neno likamtoka machoni, akageukia dirisha, na sisi tukafuta chai.

Tuliposhuka, Bawabu alisimama tena mbele ya mlango wa lifti. Kesho yake alimtafuta msimamizi wa jengo, wakabishana, akapata ruhusa, akaingia katika shimo la lifti ile na mwenzake mmoja. Sikuwepo, lakini nasikia msimamizi alimuuliza, "Mzee, wewe ni ndugu wa mpangaji gani?" naye akajibu, "Nimechelewa mno kuwa ndugu. Nipishe nifanye kazi." Leo Shangazi ameshuka kwa lifti hiyo. Bawabu, katika yote utakayosifiwa hapa, na yapo mengi, mlango ulioufungua kila siku kwa watu wasiokuwa wako, ugomvi ulioutuliza bila kuwafukuza wagomvi, mimi nachagua kukusifia hilo. Ulipojua, hukuandika. Ulikwenda.

Hata hivyo. Sitaki tutoke hapa tukijiona tumesamehewa kwa sababu lifti inafanya kazi. Binti ameniambia kwamba mwanzoni mama yake alikuwa akisoma utani wetu anacheka, na baadaye akawa anageuza simu uso chini kwa kidole. Nilimuuliza ni lini alianza kuigeuza. Akafikiri, akasema, "Sijui, mama. Nilikuwa nawahi kazini." Sikumlaumu, wala sina haki hiyo. Kwa hiyo sijui kama ni majibu yetu kwa binti yake yaliyomuumiza, au ni kuona kwamba anaigizwa vizuri kuliko anavyoweza tena kuwa. Huenda ni jingine ambalo mimi, kwa mazoea yangu ya kumdhania, sitalifikia kamwe.

Katika ratiba mliyopewa, baada yangu pameandikwa: "Neno kutoka kwa Shangazi." Kamati ilibishana sana juu ya mstari huo. Wapo waliosema tuufute tusimwaibishe mgonjwa mbele za watu. Wapo waliosema fundi picha amsomee salamu, kwa kuwa anaijua sauti yake. Fundi picha alikataa, akatoka nje ya chumba, na nashukuru alikataa. Tulimuuliza Shangazi mwenyewe, kwa maneno polepole, kama angependa kipaza sauti. Aliinua mkono wa kushoto. Binti anaamini ni ndiyo. Mimi nimetazama mkono ule mara nyingi akilini, na sina hakika.

Hapo ndipo ninapobakia, ndugu zangu, na siwezi kuwadanganya kwamba nimepata jibu. Sijui kama kumpa Shangazi ukimya wetu leo ni heshima, au ni njia nyingine ya kumtwika mzigo ambao ulikuwa wetu. Sijui kama ametusamehe. Sijui neno lile lilikuwa neno gani. Ningeweza kukisia, nina makisio mazuri sana, na yote yanafanana na sauti yake, na ndiyo sababu hasa siyaamini. Anayejua jibu ni mmoja tu humu ndani, na maneno yake yamefungwa. Sisi wengine tunayo maneno tele, lakini tulishayatumia yaliyokuwa ya kwake.

Nawashukuru Mwenyekiti na kamati, namshukuru Bawabu kwa miaka yote ya mlango wazi, namshukuru binti kwa kutuandikia mara ya pili baada ya tulichomfanyia mara ya kwanza. Nashusha sasa kipaza sauti hiki mpaka kimo cha kiti chake. Huenda tukakaa kimya muda mrefu. Huenda asiseme kitu. Akianza, akikwama, hata kama neno mnaliona waziwazi mdomoni mwake, nawaomba asimsaidie mtu. Asanteni kwa masikio mliyonipa. Sasa mpeni yeye.