Ifungeni Trela Leo

Sogezeni viti, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mbali, na baba yenu mwacheni huko uani na kazi yake. Akisikia ninayoyasema atakuja kubishana, nami pumzi ya kubishana sina.

Nyumba hii ni yake mpaka afe, kisha muigawane bila kupelekana kwa mawakili. Cherehani ni yako, Roxanne, na sahani za bibi yako pia, na shangazi yenu Beulah msimpe hata kijiko, kwani alikuja kunitazama hapa kitandani akaniuliza kama nimeshachagua jeneza. Hayo yameisha. Lililonikaa kooni ni ile trela ya kulala safarini.

Mnajua tulivyoipata: imeozea ghalani kwa mzee Sorensen, kuku wametaga juu ya jiko, na wewe Curtis hujaota ndevu. Baba yenu akaizunguka akiipapasa ubavu wa alumini kama mtu anayenunua farasi, akaniambia, "Arlys, kiangazi kimoja tu, mama, halafu tunakunywa kahawa yetu ukingoni mwa Ziwa Superior." Nikamwamini. Nikavaa ovaroli nikalala chali chini yake nikikwangua kutu mpaka ikaniingia machoni. Nikamshikilia ribiti za kuunga mabati kwa ndani yeye akigonga kwa nje. Nikashona mapazia, panya wakayala, nikashona mengine. Sakafu tukaing'oa tukatandika mpya, kumbe paa linavuja. Paa tukaliziba, kumbe kuta nazo zimelainika kama mkate uliotiwa maziwani. Nikisema imetosha, ananijibu, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nami namwambia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, Delmar, na langu limeshauma."

Siku moja tuliondoka. Hili hamjaambiwa, mlikuwa mmeshahama. Tukafika Duluth, pale juu kilimani, ziwa limetandaa chini yetu buluu tupu, naye akasimamisha gari ili akague. Akaona tone darini.

"Tunarudi," akasema.

"Delmar, ni tone!"

"Tone ndilo linaloozesha mbao."

Tukageuza. Viazi nilivyopikia safari vikachacha kabatini mwa trela.

Nawe Curtis, Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga bado anafuka mezani, ukaiita banda la kuku lenye magurudumu, na tangu hapo wewe na baba yako mnapitana kama hamjuani. Ulikosea. Hakuna skrubu mle ndani ambayo mkono wangu haukuigusa. Ni nzuri, mwanangu, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote: ni nzuri, na haijalala popote ila uani.

Tangu daktari aseme yale aliyosema, baba yenu anashinda mle ndani mchana kutwa. Anadhani kifo nacho kitangoja rangi ikauke.

Basi shikeni wosia wangu. Curtis, lete pikapu yako uifunge trela nyuma yake. Si kesho, leo. Atakuambia bado dirisha moja. Usimjibu kwa ukali, mpokee nyundo, mwite baba, mwambie mama ndiye aliyesema. Roxanne, tandika kitanda cha nyuma mle trelani, weka dawa zangu na birika. Na nikifia njiani... nisikilizeni vizuri... nikifia njiani, msigeuze gari. Hata akiwasihi. Endesheni mpaka penye maji, mniteremshe, ndipo mlie.

Mungu awape wenzi mnaoweza kugombana nao maisha yenu yote na bado mkawataka kando yenu. Awalinde watoto wenu. Ampe baba yenu... ampe usingizi, maskini, amechoka kuliko mimi.

Haya, Curtis, inuka. Usinitazame hivyo, nenda.

Roxanne, maji. Kidogo tu... Basi. Sasa nivishe zile soksi za sufu, mwanangu. Ziwani kuna baridi.