Lori la Maji Lililopita Kizuizini

Mheshimiwa Mkuu wa Kikosi, maofisa, wapiganaji wenzangu, shemeji yetu na watoto, ndugu wageni waalikwa:

Nimeombwa nimsemee Sajenti anayestaafu leo, kwa kuwa mimi koplo ndiye niliyekaa naye kwenye lori la maji tulipokuwa ugenini kulinda amani.

Nani hapa anadhani vitani ni risasi kutwa nzima? Kwetu ilikuwa vumbi kwenye uji, soksi zisizokauka, na foleni ya kupanda juu ya tangi, maana mtandao ulipatikana huko tu. Ukimwona Sajenti kule juu, usidhani analinda. Anamfundisha bintiye hesabu kwa simu, na kambi nzima inajifunza kwa lazima.

Kisha hospitali ya mji ikaishiwa maji. Barabara pekee ilikuwa imezibwa kwa mapipa na watu wenye silaha, na lori lililotutangulia lilirudishwa kwa risasi. Tulipofika, Sajenti alizima injini, akaniachia bunduki yake, akateremka mikono mitupu. Mimi redio ilinidondoka.

Mkubwa wao akamwuliza, "Unawapelekea nini hao?"

"Maji. Njoo uyaonje."

"Nikikataa je?"

"Nitakaa hapa mpaka ukubali. Habari za nyumbani, lakini? Wako wapi watu wako?"

Yule bwana akasema polepole, "Dada yangu yuko humo humo hospitali. Amekwenda kujifungua."

"Basi mjomba mtu, mtoto ataogeshwa kwa maji gani?"

Ndugu zangu, yule bwana hakuamrisha mtu. Aliliviringisha pipa la kwanza mwenyewe.

Kwenye wodi ya wazazi, muuguzi alifungua bomba, akanawa hadi viwikoni, akasema, "Haya, sasa tufanye kazi." Safari iliyofuata tulikuta mapipa yameshawekwa kando kabla hatujafika. Na tulipofunga kambi kurudi nyumbani, pale pale kwenye kizuizi akina mama walikuwa wamepanga nyanya, wanatuita tununue.

Afande, uliniagiza nisikusifu. Agizo hilo nimelikiuka, na kuanzia leo huna mamlaka ya kuniadhibu.

Shemeji, ahsante kwa kutuazima mumeo. Tunamrudisha mzima, anacheka, na kuna mji unaokunywa maji kwa sababu ulikubali aondoke.

Kwa kunitegea sikio, nawashukuruni nyote.