Lazarus Mulei Ndolo na Boti ya Njuguna

“Babu, ni kazi yako iliyomuua Njuguna?”

Nilimuuliza marehemu swali hili Januari 2020, nikiwa na miaka kumi. Alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akatoka nje, hakunijibu. Leo mimi, mjukuu wake Nzembi, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake. Anko Ndolo alitaka sehemu ya boti itolewe, kwa sababu watu wamekuja kuzika, hawakuja kusikiliza kesi. Nyanya Ndanu akasema, “Yeye mwenyewe aliomba isomwe. Mwache mtoto asome.”

Mzee Lazarus Mulei Ndolo alizaliwa tarehe 7 Mei 1956 huko Kilungu, Makueni, mtoto wa tatu wa marehemu Ndolo na marehemu Mbeke. Alisoma hapo hapo Kilungu hadi darasa la saba, mwaka wa 1971. Inasemekana alifungua taa ya baiskeli ya mwalimu mkuu kuona mwanga unatoka wapi. Alichapwa, kisha akaombwa airudishe, na ikawaka kuliko mwanzo.

Mwaka wa 1975 alienda Kisumu, akajifunza kazi ya waya kwenye boti za ziwani. Huko alifundishwa sheria moja: waya wa boti hauungwi. Unatolewa wote, unawekwa mpya, kwa sababu maji na kutingishika hutafuta pale palipochoka.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na Nyanya Ndanu kanisani Kilungu. Gari la harusi lilizima njiani, naye akafika madhabahuni na grisi hadi kwenye vidole. Nyanya husema pete iliingia haraka sana kwa sababu hiyo.

Walihamia Kitengela mwaka wa 1991, akafungua gereji kando ya barabara ya Namanga. Kwa miaka ishirini na minane alitengeneza waya za malori na magari. Gari linasamehe, alikuwa akisema. Ukilifunga tepu vizuri, linatembea.

Desemba 2019 rafiki yake Gitonga, mkulima wa Tuala, alileta boti kuukuu ya chuma juu ya trela. Alitaka kubebea wageni Ziwa Naivasha wakati wa Krismasi. Watu wa stage ya matatu walijaa getini kucheka. Walimwita marehemu Nuhu, wakamuuliza mvua inaanza lini. Aliwajibu wacheke tu, ikianza wao ndio wataomba lifti.

Geji ya mafuta ilikuwa inasema tangi limejaa hata likiwa tupu. Marehemu alichomoa waya nyuma ya geji, mshale ukaanguka. Kumbe geji ilikuwa nzima. Akaurudisha, akachomoa upande wa tangi, mshale ukabaki juu. Basi shida ilikuwa katikati. Alifungua mbao za sakafu na kupata pahali waya umechubuka, unagusa chuma cha boti. Gitonga alikuwa amesimama hapo, wageni wake wanafika kesho. Marehemu akafunga tepu. Mshale ukashuka sawasawa, wakapeana mkono.

Jumamosi, tarehe 28 Desemba, Njuguna, mtoto wa Gitonga, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alitoka na boti peke yake kwenda kuchukua wageni ng’ambo. Boti ilipatikana kesho yake kwenye matete, tangi limekauka kabisa. Njuguna alipatikana siku ya tatu. Alikuwa amejaribu kuogelea. Polisi walipowasha ufunguo, mshale ulipanda ukasema tangi limejaa.

Januari Gitonga aliirudisha boti gereji, matete bado yamo ndani. Alisema, “Mzee, iangalie tu. Usiiguse.”

Ilikaa hapo karibu miaka sita. Hakuna aliyetaja Nuhu tena. Wateja walipaki mbali. Tajeu, mlinzi wetu, alikuwa na mazoea ya kusalimia kila kitu hapo uani kwa Kimaasai, “Sopa,” hata mbuzi. Boti aliacha kuisalimia, akasema anaogopa asije akaitikiwa “Epa.” Betri ilikuwa imetolewa, lakini mshale ulibaki umesimama juu. Marehemu alitueleza kwamba geji zingine hubaki hivyo umeme ukikatika. Lakini kila asubuhi alifunua turubai upande wa usukani, akavua kofia, akasema, “Njuguna, umeamkaje,” akangoja kidogo kama mtu anayesikiliza, kisha akafunika. Kwa magari alianza kutoa waya wote hata palipohitaji tepu tu. Wateja walichoka, wakaenda kwingine. Hakuwafuata.

Machi 2025 alipatikana na saratani ya tumbo. Agosti, akiwa hawezi kutembea bila kushikwa, aliomba apelekwe Tuala. Alimwambia Gitonga hataki kufa bila kujua. Gitonga akasema, “Tutaifungua. Lakini mimi na Mama Njuguna tutakuwepo.”

Waliifungua pale gereji Jumamosi, tarehe 30 Agosti. Mama Virginia, mamake Njuguna, aliketi kwenye kiti, mkoba magotini. Marehemu hakuweza kupiga magoti, kwa hivyo alionyesha kwa kidole na Gitonga mwenyewe akang’oa mbao, moja baada ya nyingine, hadi mwisho. Waliinama hapo kwa muda mrefu. Gitonga alimshika marehemu kwapani, akamrudisha ndani ya nyumba polepole, kisha akaondoka na boti yake.

Mzee alituaga nyumbani Kitengela tarehe 11 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, Nyanya akiwa kando yake.

Ameacha mjane wake, Ndanu, watoto wake, Ndolo, Mbeke na mama yangu Ndunge, wajukuu saba, na rafiki yake Gitonga, ambaye yuko hapa pamoja na Mama Virginia. Mungu ampokee Babu, na huko aliko amkute Njuguna, wasalimiane.

Jioni ya siku ile boti ilipofunguliwa aliniita karibu na kitanda, akanijibu.

“Tepu yangu bado ilikuwa imeshika. Waya ilikuwa imechubuka pahali pengine, kama hatua moja mbele. Nilijua yote imezeeka, Nzembi, na nikafunga pahali pamoja. Ni kazi yangu. Andika hivyo.”