Ngozi Niliyoikalia Nikisoma Fedha za Kampuni

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Ndugu wanachama, habari za asubuhi. Mwenyekiti ameniomba nisimame niwaeleze nilikopita, nami nimekubali, ila msitegemee nitapaza sauti kama mhubiri. Nimechoka. Nimefaulu, ndiyo, na vigelegele vyenu nimevisikia, lakini uchovu wa miaka ile bado umo mwilini na sitauficha.

Wengi mnakumbuka ilivyoanza. Tulikaa hapa hapa, kwenye uwanja wa kanisa, mkasema chama chetu kinauza kahawa lakini mtu wa kutushauri juu ya fedha zake ni wa kutoka nje, na anachosema hatukielewi. Mkasema yule karani wetu wa mjini anajua Kiingereza, basi asome. Nikakubali upesi kama mtu aliyeitwa kula. Nikajiandikisha katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza kinachofundisha kwa posta, nisome digrii ya biashara. Masomo mengine niliyavuka. Lililonikwama kooni ni moja tu, fedha za kampuni: kampuni ipate wapi mtaji, iuze hisa kiasi gani, ikope kiasi gani, na kila aliyetoa chake alipwe nini.

Ndugu zangu, nawaambia, kusoma kwa posta ni kazi ya upweke. Unauliza swali, mvua zinanyesha zinakwisha, ndipo jibu linafika, na wakati huo umeshasahau uliuliza nini. Nilikuwa nimepanga chumba kule mjini, Themi, kwa mama mmoja Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani kuja kufanya biashara. Niliamka kwa adhana ya alfajiri nikasoma mpaka saa ya kazi. Kutwa nzima nilikuwa naandika hesabu za tajiri wangu ofisini. Jumamosi napanda mlima kwenda kupalilia kahawa yangu, Jumapili nasinzia kanisani, mchungaji anisamehe. Mama mwenye nyumba alikuwa akinitazama anacheka. "Wewe Mmeru, mwalimu wako yuko Ulaya na wewe uko Themi. Mtaonana lini, ahera?"

Nikafanya mtihani wa somo lile, nikaanguka. Nikarudia, nikaanguka tena. Chuo kikaandika kwamba imebaki nafasi moja, nikishindwa nifunge vitabu. Hapo nilikonda. Nilikuwa nikipita njia za nyuma nisikutane na mwanachama wa kuniuliza, "Vipi, umemaliza?" Sikujionea huruma mimi tu. Nikishindwa, chama kingebaki kilekile cha kusubiri mtu wa nje aje kutuambia mali yetu imekwendaje.

Kwa nini nilianguka? Hili ndilo nililotaka mlisikie. Kwa ajili ya wageni waliokaa pale nyuma, nieleze kidogo desturi yetu ya kuwekesha ng'ombe. Mimi nina ng'ombe, wewe una migomba na majani. Nakuletea umtunze. Maziwa ni yako, samadi ni yako, ndama ni wangu, na siku moja nitakupa ndama mmoja kwa jasho lako. Ng'ombe akifa bila uzembe wako, unaniletea ngozi, majirani wanashuhudia, na maneno yamekwisha. Hakuna anayemdai mwenzake.

Mimi nilikisoma kitabu cha Kiingereza kwa kichwa hicho. Kila aliyeipa kampuni mali yake nilimwona ni mtu aliyewekesha ng'ombe. Wakiniuliza kampuni ikianguka itakuwaje, najibu kwamba wote waliotoa wanapata hasara pamoja, wanapeana pole, wanakwenda nyumbani. Mwalimu alikuwa akirudisha kazi yangu na wino mwekundu: umemchanganya mwenye hisa na mkopeshaji. Nilisoma maneno hayo mpaka yakanichosha. Nilijua maana ya kila neno, lakini moyo ulikuwa unakataa. Mtu mwenye akili zake anadaije kitu kilichokufa?

Sasa, nilikuwa na ng'ombe mmoja tu, urithi wa baba, nimemwekesha huku juu kwa mama mmoja mjane. Niliazimia kumuuza ng'ombe huyo nilipie mtihani wa mwisho na safari ya Nairobi, kwa maana ndiko tulikokuwa tunafanyia. Jioni moja nimetoka kazini, nikamkuta yule mama amekaa kizingitini pangu. Amebeba ngozi mgongoni toka mlimani mpaka Themi, damu imekaukia kwenye kanga.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Akasema, "Mwanangu, ng'ombe amekufa. Alivimba tumbo asubuhi, mchana akaanguka. Majirani wameona. Ngozi hii hapa."

Nikaketi chini. Niseme kweli, sikumwonea huruma yeye kwanza, niliuona mtihani wangu umekufa. Nikaigeuza ile ngozi. Yeye akadhani naikagua kwa hasira, akajivuta nyuma.

"Watu wameniambia umesoma mambo ya Wazungu. Wanasema kwao mtu akikupa ng'ombe anamtaka ng'ombe wake hata akifa, na asipompata anachukua shamba. Mimi sina ng'ombe, mwanangu. Nina migomba tu. Utanichukulia migomba yangu?"

Jamani! Mama aliyenibeba nikiwa mtoto alikuwa ananiogopa mimi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Na hapo hapo, nikimwangalia anavyojivuta nyuma, nikamwelewa yule mkopeshaji wa kitabuni. Alikuwa ndiye mtu ambaye mama huyu alidhani nimekuwa. Hataki ngozi, anataka chake ng'ombe awe hai au amekufa. Ndiyo maana anaridhika na faida ndogo, kwa kuwa habebi hasara. Na mwenye hisa ni sisi. Anayekubali kupokea ngozi ndiye anayestahili ndama. Na kampuni iliyojaza wakopeshaji, mwaka mmoja tu wa kahawa mbaya unatosha kuchukua migomba yake yote.

Nikamwambia, "Mama, ngozi nimeipokea. Maneno yamekwisha. Nenda kwenye migomba yako."

Akalia, nami nikalia. Mama mwenye nyumba akatoka na bakuli la chumvi mkononi. "Mnalia kama kuna maiti ndani? Hebu leteni hiyo ngozi niipake chumvi kabla haijaninukia nyumba." Akaipaka, akaiwamba uani, kisha akampa mgeni uji na mahali pa kulala.

Habari ikapanda mlimani. Mliyoyafanya baada ya hapo mnayajua, mimi nitayataja tu ili nishukuru. Mlivuna kahawa yangu nikiwa nimeinamia vitabu. Mlichanga nauli na ada bila kunisimanga. Mama mwenye nyumba alisema kodi nitalipa nikirudi. Mjane yule aliteremsha mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni, akaondoka kabla sijamwona. Nikasoma nimekaa juu ya ngozi ile mpaka manyoya yakalainika.

Nairobi waliuliza juu ya kampuni inayotaka kununua mashine, ikope au iuze hisa. Habari za ngozi sikuziandika, Mzungu wa kusahihisha angedhani nina homa, lakini kila mstari niliuandika nikimkumbuka yule mama kizingitini. Barua ya kufaulu ilipofika sikuruka. Nilijilaza juu ya ngozi nikalala usingizi mzito, mama mwenye nyumba akaja kunitikisa aone kama bado ni mzima.

Ndugu zangu, leo mchana mtajadili mashine yetu ya kahawa, na yupo tajiri aliyekwisha sema atatupa fedha. Sisemi mkatae. Nasema kabla hamjaweka kidole gumba kwenye mkataba wake, mwulizeni: ng'ombe akifa, utapokea ngozi? Mkisikia anaanza kuzunguka, mjue ameshaiona migomba yenu.

Asanteni wote mlionibeba. Na wewe mama uliyejificha nyuma ya nguzo ya kanisa, sikutaji jina. Kazi hii mliyonipa ya kukishauri chama juu ya fedha zake ina mshahara, na ng'ombe wa kwanza nitakayemnunua nitamleta kwako, kwa masharti yale yale. Naomba nikae sasa.